Nguzo Nne za Dansi, Ngozi Moja: Tathmini ya Kromu, Shaba, Chuma Kisichoshika Kutu na Rangi ya Unga

Katika miaka saba ya kufanya mazoezi ya dansi ya nguzo nimetumia nyumbani nguzo nne, moja baada ya nyingine: ya kwanza ilikuwa imechovywa kromu, ya pili ni ya shaba ya manjano, ya tatu ya chuma kisichoshika kutu, na ya nne ya chuma kilichopakwa rangi ya unga, yaani rangi inayonyunyizwa ikiwa unga mkavu kisha ikaokwa. Zote zina kipenyo cha milimita 45, na nimezipanda kwa mazoezi yale yale na kwa ngozi ile ile, jambo linalonipa ujasiri wa kuzilinganisha. Anayenunua nguzo kwa mara ya kwanza huuliza ipi inashika kuliko zote, na muuzaji humjibu kwa kumtajia jina la metali. Jibu hilo halitoshi. Mshiko hutokea pale ngozi inapokutana na bomba, kwa hiyo mwenye viganja vya jasho jingi na mwenye ngozi kavu watatoa hukumu mbili tofauti juu ya nguzo moja, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Nianze na kromu, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanza nayo. Kromu hii ni ya kuchovya, kama ilivyo dhahabu ya kuchovya: ndani kuna bomba la chuma cha kawaida, juu yake tabaka la nikeli, na juu kabisa tabaka la kromu ambalo kwa kawaida halifiki hata mikromita 1, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kazi kubwa ya kuzuia kutu hufanywa na nikeli iliyo chini. Kromu yenyewe huleta ugumu na mng'ao. Kwa mazoezi, uso huu ni wa wastani kwa maana nzuri ya neno hilo. Unashika vya kutosha mtu anapopanda na kukaa kwa mapaja, na unateleza vya kutosha anapozunguka, hivyo anayejifunza hazoei kuegemea unato wa bomba badala ya nguvu za mikono yake. Udhaifu wake hujitokeza joto na unyevu vinapozidi, kwa maana jasho hutandaa juu ya kromu kama utando mwembamba, na baada ya kila mzunguko mmoja au miwili hapana budi kupangusa.

Nguzo hiyo ya kwanza, hata hivyo, sikuinunua kama nguzo ya kromu. Muuzaji alinihakikishia kwamba ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, nje na ndani, nami nikamwamini kwa sababu kwa macho vitu hivyo viwili hufanana sana. Baada ya miezi 14, nilipofungua maungio ili niyasafishe, niliona kwenye ukingo wa kipande cha chini vipele vidogo mfano wa vile vya joto mwilini, kila kimoja kikiwa na kidoti cha rangi ya udongo katikati. Nilipopitisha ukucha juu ya kimoja kilipasuka, na ganda lililobaki likawa kali kama mdomo wa kopo lililofunguliwa. Ukingo huo ulikuwa usawa wa paja langu. Nilichukua sumaku iliyokuwa kwenye mlango wa jokofu, nikaisogeza karibu na bomba, ikanaswa hata kabla sijaigusisha. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, ambacho ndicho kinachotumiwa sana kwa kazi hii, hakivutwi na sumaku, au huvutwa kwa udhaifu mno. Tangu siku hiyo siendi kutazama nguzo bila sumaku mfukoni, na muuzaji anayechukizwa nayo amekwisha kunijibu.

Sisemi haya ili kuibeza kromu. Ingeuzwa kwa jina lake ningeitunza kama kromu, yaani nisingeisugua kwa unga wa kusugulia vyombo, nisingeliacha jasho likauke kwenye maungio, na ningevua pete kabla ya kila zoezi. Tabaka jembamba kiasi hicho likikwaruzwa halirudi.

Kuna suala la nikeli ambalo wauzaji hulipita haraka mno. Mtu ambaye masikio yake huvimba akivaa hereni za bei nafuu, au ambaye kifungo cha suruali ya jinzi humwachia upele karibu na kitovu, huenda ana mzio wa nikeli, na kwenye nguzo yeye hushikilia metali kwa viganja, kwapa, tumbo na nyuma ya magoti kwa saa nzima huku jasho likimtoka. Kromu isiyo na mikwaruzo huifunika nikeli kwa sehemu kubwa, lakini si kikamilifu. Chuma cha 304 nacho kina nikeli, takriban asilimia 8, isipokuwa imeshikwa imara ndani ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, na haitoki kwa wepesi. Mtu mwenye mzio wa kweli atafanya vyema kuchagua rangi ya unga, au shaba iliyothibitishwa kuwa haina nikeli, na kabla ya kununua ajaribu kwa nusu saa kwenye nguzo ya mtu mwingine ya aina hiyo hiyo.

Shaba ya manjano ndiyo iliyonifundisha mengi. Ni aloi ya shaba nyekundu na zinki, na katika mabomba ya aina hii shaba nyekundu kwa kawaida huchukua kama theluthi mbili au zaidi kidogo. Nguzo ya shaba tupu ni tofauti kabisa na ile ya chuma iliyochovywa shaba juu, na hapa pia sumaku huamua kesi kwa sekunde moja. Mimi nina viganja vya jasho, na juu ya shaba nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba jasho dogo halinifukuzi bali linanisaidia kushika. Zoezi la kuning'inia kwa goti moja, ambalo juu ya kromu lilinipa mashaka kila nilipofika dakika ya ishirini, juu ya shaba nililifanya hadi mwisho wa kipindi. Upande wa pili wa sifa hiyo ni kwamba mizunguko ya kasi kwenye nguzo isiyozunguka huwa mizito, na ngozi ya kiganja huvutwa hadi ikawasha. Anayependa zaidi mizunguko kuliko mashiko ataona shaba inamkatalia.

Shaba pia hudai. Ukiipangusa baada ya mazoezi, kitambaa cheupe hurudi na weusi wa kijivu, na mikono hubaki na harufu ya sarafu za zamani hata baada ya sabuni. Uso hupoteza mng'ao ndani ya siku chache, ukawa wa kahawia pale mikono inapopita sana na wa kijani hafifu pale jasho lilipotuama. Mwanzoni nilidhani uchafu huo ni kasoro, nikawa naing'arisha kila juma kwa dawa ya kung'arishia shaba, na kila baada ya kung'arisha nikateleza kwa siku mbili, kwa sababu dawa hizo huacha nta au mafuta kidogo juu ya uso. Siku hizi naing'arisha mara moja kwa miezi miwili au mitatu, kisha naifuta kwa spiriti mara tatu kwa vitambaa vitatu tofauti, hadi kitambaa cha mwisho kitoke safi. Siki iliyochanganywa na chumvi husafisha upesi, lakini huweza kuacha mabaka ya rangi ya waridi na chumvi hubaki kwenye maungio; mimi siitumii.

Onyo moja juu ya shaba nalitoa kwa uzito wote. Isisafishwe kwa dawa yoyote yenye amonia, na dawa nyingi za kusafishia vioo zinayo. Amonia hupenya kwenye shaba iliyo chini ya mkazo na kuipasua kwa nyufa ambazo jicho halizioni mapema. Jambo hili lilijulikana kwa njia ya hasara: majeshi ya Uingereza nchini India yalikuwa yakihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda ya shaba ya risasi hizo yakawa yanapasuka yenyewe, mpaka ilipobainika kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ndio uliokuwa ukiyala. Bomba linalobeba uzito wa mtu aliyening'inia kichwa chini halistahili kujaribiwa namna hiyo.

Kuhusu baridi, shaba na chuma cha 304 hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Shaba hupitisha joto takriban mara saba zaidi, ndiyo maana asubuhi ya baridi mguso wake wa kwanza huuma kana kwamba umeshika barafu. Ngozi iliyopoa hukauka na kuwa telezi, iwe juu ya metali gani. Dawa yake ni kulisugua bomba kwa kitambaa kikavu kwa dakika tatu au nne, na kuupasha mwili moto kabla ya kupanda. Kuongeza krimu ya kunata juu ya ngozi baridi hakufui dafu.

Nguzo ya tatu, ya chuma kisichoshika kutu, sina mengi ya kuilalamikia. Chuma hicho kina takriban asilimia 18 ya kromiamu, metali ile ile ya kromu, ndani ya aloi yenyewe, ambayo hujitengenezea utando mwembamba wa oksidi juu ya uso, na utando huo ukikwaruzwa hujiziba wenyewe kwa hewa. Hakuna tabaka la kubanduka. Mshiko wake ulikuwa hafifu kuliko wote niliotumia, hasa kwa kuwa nilichagua uso uliosuguliwa mpaka ukawa kama kioo. Uso wenye mistari myembamba ya msasa hushika vizuri zaidi kidogo. Unaweza kupangusika kila siku kwa spiriti pasipo kuchoka, ndiyo sababu nauona unafaa pale ambapo watu kumi hupokezana nguzo moja. Yakiepukwa mambo mawili utadumu: dawa zenye klorini, ambazo hutoboa vishimo vidogo kwenye utando ule, na stili waya ya kawaida, ambayo huacha chembe za chuma juu ya uso, nazo chembe hizo ndizo zinazoshika kutu na kumfanya mtu aamini kwamba ametapeliwa.

Rangi ya unga ilinishangaza. Unga wenye chaji ya umeme hunyunyizwa juu ya chuma, kisha bomba huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi mpaka unga uyeyuke na kuwa ganda moja lenye unene wa mikromita 60 hadi 100. Ganda hilo si baridi kama metali, na mshiko wake ni mkubwa kiasi kwamba wiki ya kwanza mapaja yangu yalikuwa na alama nyekundu kila siku. Kwa ngozi kavu sijaona kilicho bora. Lakini nilisahau kuvua pete siku moja tu, nikashuka kwa kasi, na pete ikachimba kijishimo chenye ukubwa wa punje ya mtama. Kwenye shaba mkwaruzo kama huo ungetulizwa kwa msasa laini. Hapa palibaki chuma kitupu chenye ukingo unaokwaruza ngozi, na unyevu ukapata mlango. Vimiminiko vikali kama asetoni na tina hulainisha ganda hilo. Maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, na spiriti kwa kiasi, yanatosha.

Nguzo zenye mpako wa titani wa rangi ya dhahabu nimezipanda kwenye madarasa tu. Ni mpako mgumu wenye mikromita chache, unaowekwa ndani ya ombwe, na kwangu mshiko wake ulikaa kati ya kromu na shaba. Anayeitaka aulize kilicho chini ya mpako. Zile zilizovikwa silikoni ni za kucheza na nguo mwilini, maana kwa ngozi tupu huvuta mpaka huumiza.

Kipenyo kina uzito wake pia. Milimita 45 ndicho kipimo kilichozoeleka zaidi katika mashindano. Kati ya bomba la milimita 45 na la 50, mzingo hutofautiana kwa takriban milimita 16, na kiganja kidogo huihisi tofauti hiyo kwenye vidole visivyokutana.

Utunzaji wa kila siku haubadiliki sana kati ya nguzo hizi. Losheni na mafuta ya mwili hayapakwi siku ya mazoezi, kwa sababu bomba hunyonya sifa mbaya ambayo kwa kweli ni ya ngozi iliyopakwa. Napangusa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza kwa kitambaa laini chenye spiriti ya asilimia 70, kutoka juu kwenda chini, nikigeuza kitambaa kila ninapofika kwenye maungio. Krimu zenye ulimbo huganda zikawa ngozi ya pili juu ya chuma, na maji peke yake hayazitoi, spiriti huziyeyusha.

Mara moja kwa mwezi, baada ya kukagua bolti kwa spana na wima wa nguzo kwa pimamaji, navaa soksi ya nailoni mkononi na kuipitisha polepole juu ya bomba zima. Nailoni hukwama kwenye kipele au mchubuko ambao kidole hakijaugundua. Ikikwama kwenye shaba au kwenye chuma kisichoshika kutu, nalainisha mahali pale kwa msasa wa namba 2000 kisha nafuta. Ikikwama kwenye kromu au kwenye rangi ya unga, sipandi tena hadi kipande hicho kibadilishwe.