Niliuziwa kopi, tena imekatwa maneno

Msinunue kwa muuzaji huyu. Naanza na hilo kabisa, maana hasira bado imenikaa kooni.

Nilikuwa natafuta Tujifunze Lugha Yetu, vile vitabu vya shule ya msingi vya kina Kibanga ampiga mkoloni na Sizitaki mbichi hizi. Sikutaka cha kupamba kabati. Baba yangu alikuwa mwalimu wa UPE, wale vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo huku wanafundisha, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Alifundishia vitabu hivyo miaka na miaka. Sasa macho yamemtupa mkono, nikasema nitamsomea mimi.

Muuzaji nilimpata kwa simu. Picha aliyonitumia ilikuwa ya kitabu halisi, jalada limefifia, kona zimeliwa. Nilipoiona nilitokwa na machozi. Nikatuma 30,000, mzigo ukaja na basi. Nafungua bahasha palepale stendi: fotokopi! Imebanwa kwa spairo kama ripoti ya kikao. Michoro imekuwa weusi mtupu, huwezi kujua Kibanga ni yupi na mkoloni ni yupi. Hayo ningeyameza. Lakini aliyetoa kopi hakukilaza kitabu sawasawa, basi kila ukurasa wa kulia umekatwa ukingoni. Mistari yote imekosa neno la mwisho, au limebaki nusu.

Nikampigia. "Mama, cha zamani hicho, ulitaka kiweje? Maneno si yapo?" Nikamwambia hayapo. Akacheka, akakata simu. Angesema mapema kwamba ni kopi ningemwelewa. Vitabu hivi vimeadimika, na kopi nzuri ningeilipia bei hiyohiyo bila kunung'unika.

Jioni nikamsomea baba hivyohivyo. Nikifika ukingoni nasimama, yeye anamalizia neno. Sauti ikamrudia ile ya darasani, akawa ananyoosha kidole kana kwamba kuna mtoto nyuma anapiga kelele. Nikasema basi, nimemsamehe yule kijana, tena nimshukuru, maana kwenye kitabu kizima baba angekaa kimya tu akinisikiliza. Tukaenda hivyo kurasa kadhaa. Kisha nikasimama kwenye neno, baba kimya. Nikarudia mstari. Kimya. Akaniuliza taratibu, "Hapo pameandikwaje?" Sikuwa na cha kumsomea.

Hapo hasira ikarudi yote. Neno lile lipo! Lipo kwenye kitabu alichokishika yule kijana kwa mikono yake, akaliacha nje ya kioo cha mashine kwa sababu alikuwa na haraka. Na mzee wangu, aliyewafundisha watoto wa watu kusoma, anakaa gizani akilitafuta.

Kwa hiyo ukinunua kwake, mwambie kwanza afungue kurasa za katikati akupigie picha, na hela usitume kabla hujaziona. Au usinunue kabisa. Ila pengine pa kukuelekeza sipajui. Maduka niliyouliza wana vya mtaala wa sasa tu.

Juzi nimemwandikia tena, nimemwomba aniuzie kile kitabu chenyewe, bei aseme yeye. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.