Nimepiga rangi Starlet yangu mwenyewe nyumbani, laki tano na themanini, haya ndo yaliyonikuta

Kwanza mi sio fundi. Nauza duka, gari naijua kwa kuendesha na kubadilisha plagi basi. Starlet yangu ni Toyota toleo la EP91, nyeupe, nimekaa nayo miaka sita, injini haijawahi kunisumbua ila rangi ilishakufa kitambo, yani ukipitisha kiganja kwenye paa mkono unatoka mweupe kama umefuta ubao wa darasani. Alafu naishi Kigamboni, Dar, upepo wa bahari unafika hadi chumbani, kwahiyo kutu ilishaanza kula matao ya tairi za nyuma na chini ya milango.

Nikazunguka gereji mbili kuuliza bei. Wa kwanza milioni na laki mbili, wa pili laki tisa lakini kunyoosha bodi na kutu tunaelewana baadae, na mtu akishakwambia tunaelewana baadae ujue huko mbele hamtaelewana. Hela hyo sikuwa nayo. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe, likiharibika si limeshaharibika tayari.

Rangi niliyotumia ni 2K nyeupe, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), haihitaji kupigwa klia (vanishi angavu) juu. Hili nalisema mapema kwasababu ndo lililoniokoa. Gari yako ikiwa silva au rangi yoyote yenye chengachenga za kumeta usijaribu nyumbani kama ni mara yako ya kwanza, zile chenga zikilala vibaya unapata mistari na mawingu na huwezi kuzisugua zikakaa sawa, lazima upige upya. Nyeupe ya kawaida inasamehe. Namba ya rangi iko kwenye kibati ukifungua boneti, pale kwenye injini, tafuta palipoandikwa C/TR, yangu ilikuwa 040, ile nyeupe ya Toyota ambayo nusu ya magari ya Dar yanayo. Nilivuka na pantoni hadi Kariakoo, nikamtajia kijana wa dukani namba tu, hakuuliza kitu kingine. Na nilibaki na rangi ileile makusudi, maana rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha inabidi uende TRA (mamlaka ya mapato) wakabadilishe na kadi, hizo safari sikuzitaka.

Lita tatu za rangi elfu 38 kila moja, hadina lita moja na nusu kwasababu hii rangi inachanganywa mbili kwa moja, tina ya kulainisha rangi lita tano, praima (rangi ya chini), puti ya kujazia mabonde kilo mbili, misasa, maskintepu ya kuzibia. Gani, yani ile bastola ya kupulizia rangi, ya Kichina elfu 55 yenye tundu la milimita 1.4. Kompresa sikununua, nilikodi kwa fundi mmoja wa fanicha elfu 25 kwa siku. Barakoa ya chujio mbili elfu 45 na hapa naomba mtu asibane hela hata kidogo. Ile hadina ina kemikali inaitwa isosayaneti, inaharibu mapafu, unaweza kuondoka na pumu ya maisha, na barakoa za kitambaa au zile za kipindi cha korona hazizuii mvuke hata chembe. Nilipigia nje kwenye uwanja wazi, watoto niliwapeleka kwa bibi yao siku zote za kupuliza. Mafundi wengi nawaona wanafunga leso tu puani, sijui wanaishije.

Sasa kazi yenyewe. Nilidhani kupiga rangi ni kupuliza, kumbe kupuliza ni masaa mawili matatu, kusugua ni wiki mbili. Kila nikitoka dukani jioni nasugua. Mikono ilipoteza alama za vidole, kuna siku simu ilikataa kufunguka kwa kidole nikabaki nacheka mwenyewe. Kwenye kutu nilikwangua na brashi ya waya hadi bati jeupe, sehemu mbili bati likatoboka kabisa, nikampelekea mchomeleaji wa mtaani akabandika kipande elfu 15. Usipake puti juu ya kutu hata kama ni kidogo, inaendelea kula huku umeifunika, miezi michache tu inavimba.

Na hapa ndo nilifanya kosa la kwanza. Nilikuwa na msasa wa maji mwingi, nikaona vumbi la puti linanikera, nikaanza kusugua puti na maji. Ilienda laini kama siagi, nikajiona fundi. Mjomba wangu alishastaafu, yeye kapiga rangi mabasi zamani, akapita jioni kunisalimia akanikuta na ndoo. Akasimama tu pale. "Mjomba, puti hainyweshwi maji." Nikamwambia mbona inakauka, akasema juu ndo inakauka, ndani inafyonza kama mkate, ukifungia rangi juu yale maji yatatafuta njia. Nikamwambia sawa mjomba, shikamoo mjomba, karibu chai. Mlango mmoja nilikuwa nimeshamaliza, nikaona uvivu kuurudia. Mkumbuke huo mlango.

Mjomba huyohuyo akanifundisha kitu kimoja ambacho peke yake kilistahili ile chai. Ukishapiga praima ikakauka, chukua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, pulizia kwa mbaliii, vidoadoa tu, alafu sugua na msasa namba 400 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi) uliozungushiwa kipande cha mbao. Palipo sawa weusi unaondoka wote, palipobonyea weusi unabaki. Kwa macho milango yangu ilikuwa imenyooka, weusi ulivyobaki nikagundua ni kama barabara ya mtaani kwetu. Nikarudia puti, safari hii kavukavu, na msasa 80 kisha 180 kisha 320.

Siku ya kupuliza ilikuwa mwezi wa saba. Nilichagua mwezi huo kwasababu mvua za masika zimeisha na unyevu umepungua, maana rangi ikikamatwa na unyevu inapoteza mng'aro, inafanya kama ukungu. Tatizo mwezi wa saba kuna kusi, na kusi ya Kigamboni inabeba mchanga. Kwahiyo una kama saa mbili tu za kufanya kazi, umande uwe umeshakauka na upepo uwe haujaanza. Saa moja asubuhi nimemwaga ndoo nane za maji kuzunguka gari ili vumbi lilale, jirani akaniuliza unapanda mchicha? Nimeziba vioo, taa na rimu kwa magazeti na nailoni, nimefunga kuku. Ndio, kuku, tena sio wangu.

Saa mbili nikaanza. Kompresa ile ni ya lita hamsini, nguvu za farasi mbili, na kiukweli ile gani inakula upepo kuliko inavyojazwa. Unapuliza mlango mmoja, presha inashuka, rangi inaanza kutoka kwa matone badala ya moshi, unasimama unasubiri inanguruma, unaendelea. Kwa milango na mafenda sio shida, unamaliza kipande unapumzika. Kwenye paa ni shida kwasababu ukisimama katikati utaona alama ya pale uliposimama. Yangu ipo hadi leo, bahati yangu mi mfupi siioni. Kabla ya gani niliweka kile kichujio cha kukamata maji, elfu 12, nilipokifungua mara ya kwanza kilitoa maji ya kujaza kizibo cha soda, yangekuwa yote kwenye rangi hayo.

Gani yenyewe kwa bei ile siilalamikii. Nilifanya mazoezi kwenye boksi la friji kwanza, hili usiliruke, boksi halina gharama. Umbali wa shubiri moja, mkono unatembea sambamba na bati usiuzungushe kama unamwagilia bustani, kila mstari ufunike nusu ya uliopita. Koti la kwanza, yani tabaka la kwanza la rangi, jepesi kama umekosea, unaona bado ya zamani inachungulia, tulia, subiri dakika kumi na tano, la pili ndo linafunika, la tatu linang'aa. Mi kwenye mlango wa dereva nilikosa subira koti la pili nikalijaza, rangi ikachuruzika ikatengeneza machozi matatu mazuri kabisa. Usiguse! Mi niligusa na kidole. Machozi ukiyaacha yakauke unayakata na msasa 1000 na hayaonekani, kidole changu ndo kilihitaji kupiga upya.

Kingine, kuna hadina ya haraka na ya polepole, muuzaji kama hakuulizi anakupa iliyopo. Mi nilipewa ya haraka. Kwa joto la Dar rangi inakauka hewani kabla haijatua vizuri, ukipapasa unakuta nje kumekuwa kama ganda la chungwa, pengine kama msasa kabisa. Na niliyochanganya nyingi kwa mkupuo ilianza kuwa nzito kwenye kopo kabla sijafika nyuma, nikamwaga karibu robo lita, karibu elfu kumi chini hivihivi. Changanya kidogokidogo na uulize ya polepole.

Sasa boneti. Kila kitu kilienda vizuri mpaka boneti. Napuliza koti la kwanza naona rangi inakimbia, inafunguka viduara vidogo vidogo kama macho ya samaki, naongeza rangi vinaongezeka. Nikajua nimeuziwa rangi feki, nikampigia muuzaji nikamwaga maneno. Kumbe kosa langu, na nilimpigia tena kumuomba radhi. Siku moja kabla, kijana wangu alinisaidia kupendezesha tairi kwa ile dawa ya kung'arisha ya kupuliza, alidhani anasaidia. Ile ina silikoni, na silikoni ikigusa bati rangi haikai kabisa. Alafu mi juu yake nilifuta boneti na petroli kwasababu ndo niliyokuwa nayo, petroli ina mafuta yake inabaki inayasambaza tu. Kuna dawa maalum ya kuondoa mafuta kabla ya rangi, elfu 18 lita, niliona ni anasa. Ile anasa ingeniokolea rangi lita moja, hadina, siku nyingine ya kompresa na msasa wa boneti nzima kuanzia mwanzo. Nilikaa kwenye ngazi pale nikanyamaza, mama watoto akaja na chai akaangalia boneti akasema "si pazuri tu, limekuwa na madoa kama kanga." Kanga yule ndege. Hakunitania, ndo alivyoona.

Boneti niliirudia wiki iliyofuata, nikaisafisha na dawa yenyewe mara mbili na vitambaa viwili, kimoja cha kupaka kimoja cha kufuta kabla haijakauka, na ikatoka ndo pazuri kuliko sehemu zote za gari. Ukiniona barabarani niangalie kwa mbele.

Baada ya siku tatu nilisugua na 1500 na maji halafu 2000, kisha kampaundi (dawa ya kung'arisha rangi) kwa mkono maana mashine sina. Hapo ndo gari lilibadilika, lile ganda la chungwa likalala na kivuli cha mwembe kikaonekana kwenye mlango. Tahadhari kwenye kona na mikunjo ya bati, rangi hapo ni nyembamba, mi nimetoboa sehemu mbili hadi praima, nimepachikia kwa brashi ndogo ya kuchorea. Kuosha na sabuni nilisubiri wiki mbili.

Jumla iliniishia kama laki tano na themanini na boneti ya pili ikiwemo. Bila makosa yangu ingekuwa laki tano kasoro. Gani na barakoa vimebaki ni vyangu.

Matokeo kiukweli: ukisimama hatua nne ni gari zuri, mtu wa bima alidhani nimelipeleka gereji. Ukisogea unaona vumbi lililonasa kwenye paa, sisimizi mmoja chini ya rangi ya fenda ya kulia kajizika mzima mzima, na ile alama ya presha. Mjomba alikuja kukagua, akazunguka mara mbili mikono nyuma, akasema "kwa mtu wa duka." Nikachukua kama sifa.

Nikipewa nafasi ya kuanza upya ningekodi kompresa kubwa ya lita mia na zaidi hata kwa elfu 40, ningenunua dawa ya mafuta siku ya kwanza, na nisingepiga gari zima siku moja, ningepiga paa na boneti siku yake. Kama kazini kwako unachoka sana au nyumba ni ya kupanga na uwanja mnachangia wapangaji sita, we tafuta hela upeleke kwa fundi, vumbi la puti linaingia hadi kwenye sufuria za watu na utagombana.

Aah, na ule mlango. Wa nyuma kushoto, niliosugua puti kwa maji. Huu ni mwezi wa tatu toka nipige rangi, umetoa vipele viwili, jana nimeona cha tatu. Msasa 80 nimeshanunua upo kwenye buti, mjomba bado sijamwambia.