Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari Dar es Salaam: tathmini ya gereji, kifaa na foleni

Kwa wenye magari wa Dar es Salaam, ambao bei ya petroli hutangazwa upya na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mjadala wa kufunga mfumo wa gesi asilia umekwisha kutoka kwenye vijiwe vya madereva na kuingia sebuleni. Tathmini hii inahusu huduma nzima ambayo mteja hununua anapolipia mfumo huo, kwa sababu watu wengi hutathmini kifaa peke yake na kuishia kusifu au kulaumu kitu kisicho na hatia. Gari linalohusika ni Toyota IST yenye injini ya lita 1.5, aina ambayo imejaa kwenye teksi za mtandaoni za jiji hili. Nasema mapema kwamba kifaa ni kizuri, kazi ya gereji inaridhisha ikisimamiwa, na udhaifu mkubwa uko mahali pa tatu, yaani kwenye kituo cha kujazia.

Mfumo wenyewe si wa ajabu. Mtungi wa chuma hukaa kwenye buti, bomba jembamba la chuma hupita chini ya gari hadi mbele, kipunguza presha hushusha gesi kutoka takribani bar 200 hadi kiwango ambacho injini inaweza kukipokea, kisha nozeli za gesi huipuliza kwenye njia ya hewa kwa amri ya kompyuta ndogo inayosoma ishara zilezile za nozeli za petroli. Petroli haiondolewi. Gari huwaka kwa petroli, na maji ya injini yakishapata joto la kutosha, mfumo huhamia kwenye gesi wenyewe, na dereva huona mabadiliko hayo kwenye taa za swichi iliyobandikwa karibu na usukani.

Hapo kwenye joto la maji pana jambo ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja. Gesi inapotoka kwenye presha kubwa na kutanuka hupoa sana, ndiyo maana kipunguza presha huunganishwa na maji ya moto ya injini ili kisigande. Sasa, magari mengi ya hapa yamekwisha kuondolewa themostati, yaani vali inayosaidia maji ya injini kupata joto lake haraka, na fundi fulani aliyeamini kwamba katika joto la Dar es Salaam kifaa hicho ni cha kazi bure. Gari la namna hiyo huchelewa kupata joto, hivyo mtu anayetoka Sinza kwenda Mwenge anaweza kufika akiwa bado anachoma petroli, kisha akalalamika kwamba gesi haimpunguzii gharama. Gereji niliyoitumia ilikagua hilo kabla ya kufunga chochote na ikasisitiza themostati irudishwe, pamoja na kubadilisha plagi zilizochoka, kwa kuwa gesi huhitaji cheche kali kuliko petroli na koili dhaifu, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, ambayo ilikuwa ikijificha kwenye petroli huumbuka siku hiyohiyo. Ukaguzi huo wa mwanzo ndio kigezo changu cha kwanza cha kuchagua gereji. Fundi anayekubali kufunga mfumo bila hata kuwasha gari na kusikiliza mlio wake anauza vifaa tu.

Kigezo cha pili ni mtungi. Mteja ana haki ya kuuona kabla haujafungwa, kusoma maandishi yaliyogongwa kwenye shingo yake, yaani mwaka wa kutengenezwa, ujazo na presha yake ya kazi, na kudai hati ya upimaji. Gereji moja niliyoipitia nikitafuta bei ilinionyesha mtungi uliopakwa rangi upya hadi maandishi hayasomeki, na nilipouliza umri wake nikajibiwa, "Bosi, mitungi yote ni ileile." Haiwezekani ikawa ileile, kwa sababu mtungi una umri wa matumizi na hutakiwa kupimwa tena kila baada ya kipindi maalumu, na chombo kinachobeba bar 200 nyuma ya kiti cha watoto si mahali pa kupunguziwa bei. Asiyejua aanzie wapi anaweza kuulizia katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ambayo imekuwa ikifanya kazi hii kwa miaka kadhaa na ndiko walikofundishwa baadhi ya mafundi waliotawanyika mitaani.

Barabarani, tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa vijiweni. Injini hupoteza nguvu kidogo, na hilo huhisiwa zaidi gari likiwa na abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa kwenye mlima wa Kimara. Kwenye foleni ya kawaida ya jiji mtu hataona lolote. Kinachoonekana kila siku ni buti. Mtungi wa lita 60 humeza karibu nafasi yote ya IST, na uzito wake hushusha kidogo sehemu ya nyuma ya gari. Anayesafiri na mizigo ya Kariakoo afikirie mara mbili. Dereva asiache tangi la petroli likauke kwa furaha ya gesi, maana pampu ya petroli hupozwa na petroli yenyewe na huungua ikizunguka pakavu.

Tuje kwenye fedha. Kufunga mfumo kwenye gari la ukubwa huu hugharimu takribani shilingi milioni mbili, ikipanda au kushuka kulingana na mtungi na aina ya vifaa. Nilipopiga hesabu hii gesi iliuzwa karibu shilingi 1,550 kwa kilo, huku lita ya petroli ikizunguka shilingi 3,000. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takribani lita moja na nusu ya petroli. Kwa hiyo tukichukua IST inayokwenda kilomita 12 kwa lita mjini na kuipa kilomita 17 kwa kilo, kilomita moja ya petroli ni shilingi 250 na ya gesi ni kama shilingi 91. Nafuu ya shilingi 159 kwa kilomita hurudisha milioni mbili baada ya kilomita 12,600 hivi. Dereva wa teksi anayezunguka kilomita 150 kwa siku atazirudisha kwa chini ya miezi mitatu. Mfanyakazi wa ofisi anayekwenda Posta na kurudi, kilomita 25 kwa siku, atahitaji zaidi ya siku 500 za kuendesha, na kabla hazijaisha huenda amekwisha kuliuza gari hilo. Kwa huyu wa pili sioni sababu ya kufunga, hata wenzake kazini wamwambie nini.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Mtungi wa lita 60 huandikwa kwamba hubeba kama kilo kumi, na wengi hupata nane. Mtu akisikia hivyo hudhani kituo kinamwibia, ilhali sababu kubwa ni ya kimaumbile: gesi inaposukumwa haraka ndani ya mtungi hupata joto, joto hupandisha presha, na pampu hukata ikifika bar 200 ingawa kiasi kilichoingia bado ni kidogo. Mtungi ukishapoa, mshale wa presha hushuka na dereva hujiona amepunjwa. Mchana wa jua la Februari hali huwa mbaya zaidi, na ndiyo maana madereva wazoefu hujaza usiku wa manane au alfajiri. Kwa kilo nane, teksi hupata kama kilomita 136, maana yake dereva wa kilomita 150 analazimika kurudi kituoni kila siku, na kila siku foleni inamsubiri.

Foleni hiyo ndiyo sehemu ya huduma ninayoipa alama za chini kabisa. Bajaji, teksi na magari binafsi hujipanga pamoja hadi barabarani, na saa mbili za kusubiri si jambo la kushangaza. Vituo vidogo ambavyo havijaunganishwa na bomba huletewa gesi kwa malori, na lori likikaribia kuisha presha hushuka, hivyo aliye nyuma hupata mtungi nusu baada ya kusubiri kama mwenzake. Umeme ukikatika pasipo jenereta, kompresa, yaani mashine ya kushindilia gesi, husimama. Mteja hapewi taarifa yoyote. Katika kituo kimoja nilishuhudia watu wakiendelea kusubiri kwa muda mrefu baada ya gesi kuisha, kwa sababu tu hakuna mhudumu aliyejishughulisha kutembea hadi mwisho wa foleni na kuwaambia.

Kinachokera ni kwamba gesi yenyewe ipo. Ile ya Songo Songo, kisiwa kilichoko wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikifika Ubungo kwa bomba tangu 2004. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, na bomba kubwa la kutoka huko hadi Dar es Salaam likakamilika 2015. Sehemu kubwa huzalisha umeme, na magari hutumia kiasi kidogo mno kwa kulinganisha. Kinachokosekana ni kompresa, pampu na viwanja vya kuziweka. Kituo mama cha TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, kwenye Barabara ya Sam Nujoma, karibu na Mlimani City, ni hatua ya maana kwa sababu kinaweza kushindilia gesi na kupakia malori ya kupeleka kwingine, lakini jiji linalotanuka kuelekea Bunju, Kibamba, Chanika na Mbagala haliwezi kuhudumiwa kwa kuliita lote lije Sam Nujoma.

Kuhusu usalama nitasema machache, kwa kuwa hofu nyingi hutokana na kuchanganya gesi mbili. Gesi ya mitungi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Gesi asilia ni nyepesi na hupanda juu ikatawanyika. Hatari ya mfumo wa gari iko kwenye presha, na jawabu lake ni mtungi halali, vali halali na abiria kushuka wakati wa kujaza, utaratibu ambao vituo husimamia vizuri.

Umebaki mjadala wa tozo. Barabara za nchi hii hugharamiwa kwa sehemu kubwa na tozo iliyomo ndani ya lita ya mafuta, na anayetumia gesi huzitumia barabara hizohizo. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na wengi wakaona wanaadhibiwa kwa kufuata walichohimizwa kufanya. Mimi naona hoja ya serikali ilikuwa na uzito, ila wakati haukuwa wake. Hata tozo hiyo ikiongezwa yote juu ya shilingi 1,550, kilomita moja ya gesi ingegharimu kama shilingi 114, bado chini ya nusu ya petroli, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya dereva wa teksi kuacha kufunga. Anayekaa mbali na kituo ana sababu nzito zaidi ya kusubiri, na huyo ningemshauri aulize kwanza kituo cha karibu naye hupokea gesi kwa bomba au kwa lori, ndipo aulize bei ya mtungi.