Walimu wanne na piano moja: Mozart, Shostakovich na Schumann katika ukumbi wa chuo

Onyesho la walimu wa idara ya muziki kwenye vyuo vikuu vya Marekani mara nyingi halina kiingilio, na kitu cha bure watu hukidharau. Hili wasilidharau. Wanaopanda jukwaani ni watu ambao kutwa nzima wanamsahihisha mwanafunzi kidole kimoja kimoja, na usiku huo wanafunzi haohao wamekaa mbele wakisubiri kuona kama mwalimu naye anayaweza. Tunalolipima hapa lilikuwa la fidla, viola (fidla kubwa yenye sauti nzito kidogo), chelo na piano, bila kondakta, katika ukumbi mdogo wa chuo kimoja cha katikati ya nchi, wakati wa baridi. Baridi ina sehemu yake katika yaliyotokea.

Ratiba ilikuwa na kazi tatu za watunzi watatu: Kwateti ya piano (piano na nyuzi tatu) ya Mozart katika ufunguo wa G maina (K. 478, nambari yake kwenye orodha ya kazi za Mozart, mwaka 1785), Trio ya pili ya Shostakovich, ya fidla, chelo na piano, katika E maina (op. 67, yaani kazi nambari 67, mwaka 1944), mapumziko ya robo saa, kisha Kwateti ya piano ya Schumann katika E-flati meja (op. 47, mwaka 1842). Muziki mtupu ni kama dakika 80. Kumweka Shostakovich katikati kulikuwa na akili, kwa sababu trio haina viola, na mpiga viola akapata nusu saa ya kupumzisha mkono kabla ya Schumann, ambaye humtumikisha kwelikweli.

Mozart ndiye aliyewatoa jasho. Inasimuliwa kwamba Hoffmeister, mchapishaji wa Vienna, alimwagiza kwateti tatu za aina hii, hii ya kwanza ilipotoka wanunuzi wakaiona ngumu, na mkataba ukaishia hapo. Kwa mpigaji wa leo ugumu uko kwenye chombo. Mozart aliandikia piano ya fremu ya mbao, oktava tano, vinyundo vyepesi vilivyovikwa ngozi. Sauti yake inaanza wazi na kufifia haraka. Jukwaani hapa palikuwa na piano ya sentimita 274 yenye fremu ya chuma, na kifuniko kimeinuliwa hadi mwisho. Katika muziki huu chelo mara nyingi hupiga nota zilezile za mkono wa kushoto wa piano. Mpiga piano akikanyaga pedeli ya kulia, ile ya kudumisha sauti, hata kidogo tu, mkono huo unavimba na chelo inazama. Ndicho kilichotokea karibu sehemu nzima ya kwanza ya kazi hii: mtu anauona upinde wa chelo ukienda na kurudi, lakini hasikii kitu. Wengi hudhani dawa ni kushusha kifuniko nusu. Kifuniko kikishushwa sauti inakuwa butu, si ndogo. Dawa ni mguu kukaa mbali na pedeli na mkono wa kushoto kupiga kwa ncha za vidole, kama ambavyo mpigaji huyuhuyu alifanya kwenye sehemu ya mwisho, rondo, ambayo wimbo wake mkuu hurudi tena na tena, na mara moja chelo ikafufuka.

Kulikuwa na kasoro nyingine, ndogo zaidi, ambayo wenye masikio ya kwaya au ya taarabu waliihisi hata kama hawakuitambua jina. Kabla ya kuanza, mpiga piano aligonga nota ya A, watatu wakaichukua, na kila mmoja akazitafuta nyuzi zake nyingine kwa sikio. Wapigaji wa nyuzi wakiwa peke yao, utaratibu huo hauna tatizo. Mbele ya piano una mtego. Sikio hutaka hatua za tano, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, zilizo safi, na hatua hiyo ni senti 702, tukihesabu nusu toni moja kuwa senti 100. Piano hutuniwa kwa hatua za senti 700 ili iweze kupiga katika funguo zote 12. Kutoka A hadi C, uzi mnene kuliko wote wa viola na chelo, ni hatua tatu: A, D, G, C. Kila hatua inapoteza senti mbili, hivyo C yao inafika ikiwa chini ya C ya piano kwa senti sita hivi. Kwenye nota inayopita hakuna anayeona. Kwenye nota ndefu inayoshikwa pamoja na piano, sauti inapepea. Kwenye taarabu kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, nayo ndiyo inayoamua, na fidla huifuata, ila kanuni ina vile vipande vidogo vya chuma vya kupandisha na kushusha uzi katikati ya wimbo. Piano haina huruma hiyo. Kwa hiyo C na G nazo zichukuliwe kutoka kwenye piano, si A peke yake. Baada ya mapumziko walifanya hivyo, uzi kwa uzi, dakika moja na nusu ya kutuni mbele ya watu, na tofauti ilisikika tangu akodi ya kwanza (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya Schumann. Kwa nini hawakufanya hivyo mwanzoni, wao ndio wanaojua.

Trio ya Shostakovich inaanza na chelo peke yake, na inaanza mahali pabaya kwa mpigaji yeyote. Kidole gumba kinabana uzi barabara. Kidole kingine kinaugusa uzi huohuo hatua ya nne juu yake, kuugusa tu, bila kuubana. Sauti inayotoka iko oktava mbili juu ya ile ya gumba, nyembamba kama filimbi inayopigwa nyumba ya tatu. Kidole cha juu kikizidisha uzito, sauti inakufa. Upinde ukienda taratibu mno au ukikaa mbali na daraja, unatoka mkwaruzo. Baadaye fidla inaingia, imewekewa kizibo cha sauti, nayo inapiga chini ya chelo. Mpangilio umepinduliwa, mkubwa analia juu na mdogo ananguruma chini, kisha piano chini yao wote. Mpiga chelo alipoteza nota moja tu katika mstari wote, karibu na mwisho, na hakukunja uso. Huo ni upigaji wa daraja la juu.

Sehemu ya pili ilikwenda mbio kupita kiasi. Ina hasira, ndiyo, lakini fidla na chelo zilibaki zikifukuza piano. Largo, sehemu ya tatu ya mwendo wa polepole, ilirudisha heshima. Piano inapiga akodi nane nzito, mzunguko huo unarudiwa tena na tena, na fidla na chelo zinaomboleza juu yake. Shostakovich aliitunukia trio hii kumbukumbu ya rafiki yake Ivan Sollertinsky, aliyefariki Februari 1944. Mpiga piano aliziacha akodi zidumu urefu wake kamili, bila kuharakisha ile ya pili kuifuata ya kwanza. Sehemu ya mwisho, yenye wimbo wa mtindo wa Kiyahudi unaoanza kwa kudonolewa kwenye fidla, ilikuwa na ukali unaotakiwa mpaka kurasa za mwisho, ambapo kikatokea kioja cha zama hizi.

Wote wanne walisoma nota kwenye tableti na kugeuza kurasa kwa kikanyagio cha mguu. Kwa wapiga nyuzi ni nafuu kubwa. Kwa mpiga piano kuna hesabu ambayo lazima ifanywe nyumbani: mguu wa kulia ni wa pedeli ya kudumisha sauti, wa kushoto ni wa pedeli ya kulainisha sauti, na kikanyagio cha kurasa nacho kinadai mguu huohuo wa kushoto. Mwisho wa trio hii ni mahali pa sauti ya chini kabisa. Mguu ukatoka kwenye pedeli kwenda kugeuza ukurasa, na akodi mbili zikatoka ngumu, kama mtu aliyefungua mlango wakati wa sala. Mwanafunzi mmoja wa kugeuza karatasi angeliondoa tatizo hili, na chuoni hawakosekani.

Lakini onyesho hili linapimwa kwa Schumann, na kwa Schumann walifaulu. Aliitunukia kwateti hii Mathieu Wielhorsky, mwungwana wa Urusi aliyekuwa mpiga chelo, na sehemu ya tatu, Andante cantabile, ni zawadi ya wazi kwa chelo: wimbo mrefu wa kupanda na kushuka kwa hatua pana, wa aina ambayo mpigaji anashawishika kuuvuta mpaka ukakatika. Huyu hakuuvuta. Aliuimba kwa mwendo wa mtu anayetembea. Viola iliketishwa katikati, si pembeni kulia kama wengine wanavyoiweka, na matundu yake hayakugeukia ukuta wa nyuma. Zamu yake ya kuushika wimbo ilipofika, kila nota ilifika.

Kisha ikaja kazi ambayo wengi ukumbini hawakuiona. Mwisho wa sehemu hii Schumann anataka chelo ishike B-flati ambayo haipo kwenye chelo. Uzi wa chini unaishia C. Inabidi mpigaji aulegeze uzi huo kwa toni nzima huku wenzake wakiendelea kupiga: mkono unapanda kwenye kigingi, kinazungushwa kidogo, kidole kinaudonoa uzi kimyakimya, sikio limeinamishwa shingoni mwa chombo, kinazungushwa tena. Hapa ndipo baridi inapoingia. Joto la bandia hukausha hewa ya ukumbi, mbao za vigingi husinyaa, na kigingi kilichosinyaa kinaweza kuteleza mpaka uzi ukalegea kabisa. Safari hii kilishika. B-flati ikatoka chini, pana, ikikaa sawasawa na piano, na juu yake vipande vya nota tatu tatu vikaanza kuchungulia, vilevile vitakavyolipuka kuwa wimbo wa sehemu ya mwisho. Kabla ya hapo uzi lazima urudishwe C, na uzi uliolegezwa ukakazwa upya huwa hautulii, unaendelea kushuka kidogo kidogo. Hawakukimbilia kuanza. Walisubiri, mpigaji akaukaza ukapita C kidogo, akauvuta kwa kidole, akaurudisha, akaangalia wenzake, ndipo wakaondoka kwa kasi. Sekunde kama ishirini za kimya, na hakuna aliyepiga makofi.

Kwa anayetaka kuhudhuria maonyesho ya namna hii: aketi safu ya tano hadi ya nane, kushoto kidogo mwa katikati. Kifuniko cha piano humwaga sauti kuelekea kulia mwa ukumbi, kwa hiyo upande wa kushoto nyuzi zinapata nafuu, na mikono ya mpiga piano inaonekana. Milango hufungwa muziki ukianza, na aliyechelewa husubiri mpaka mwanya kati ya sehemu. Makofi ni mwisho wa kazi nzima. Karatasi ya ratiba inaonyesha kila kazi ina sehemu ngapi, hesabu ukiwa na wasiwasi. Na hakuna kutunza, mtu asiinuke na noti mkononi hata chelo ikimgusa vipi.

Onyesho lilirushwa pia mtandaoni, picha safi na sauti isiyokatika. Ila spika ya simu haiwezi kutoa mawimbi ya chini kama ile B-flati, ambayo ni kama herzi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde). Aliyetazama kwa simu bila vifaa vya masikioni alimwona mtu akihangaika na kigingi, kisha akasikia sehemu ya juu tu ya nota aliyoihangaikia.