Uchambuzi wa Pleko: Hesabu Vijiti vya Pezi Kabla ya Kulipa

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo nawachambulia samaki ambaye maduka mengi ya samaki wa mapambo humuuza kwa jina moja tu, pleko, na kumsifu kuwa ndiye msafishaji wa tangi. Jina hilo hukusanya samaki wengi wa familia ya Loricariidae, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini na sehemu ya Amerika ya Kati. Wawili kati yao hufanana sana wakiwa wadogo wa sentimita 5, lakini Ancistrus huishia kwenye sentimita 12 hadi 15, ilhali Pterygoplichthys huendelea kukua hadi sentimita 40 au zaidi. Uchambuzi wangu wote unasimama juu ya tofauti hiyo.

Tazameni mwili kwanza. Hauna magamba kama ya sato wala ngozi tupu kama ya kambale wa mtoni, bali umevikwa deraya ya mabamba ya mfupa yaliyopangwa kwa safu, na mdomo uko upande wa chini, ukiwa na midomo mipana inayoshika kioo. Gogogo wa Ziwa Victoria naye ana kichwa kigumu na miiba mikali, lakini kuanzia nyuma ya kichwa mwili wake ni ngozi laini, kwa hiyo hao si wa familia moja.

Sasa njooni kwenye pezi la mgongoni. Msikubali kulipa kabla samaki hajalinyanyua, kisha hesabuni vijiti laini vilivyo nyuma ya mwiba wa kwanza. Vikiwa kumi au zaidi, huyo ni Pterygoplichthys, hata kama muuzaji atasema hakui. Vikiwa saba, huenda ni Ancistrus, lakini msiishie hapo, kwa sababu Hypostomus, pleko wa aina nyingine, naye ana saba na spishi zake kadhaa huwa kubwa. Angalieni pua: ya Ancistrus ni pana na bapa, na ncha yake haina mabamba. Dume akikomaa huota juu ya pua vishungi vya nyama vyenye matawi, ilhali jike huwa na vifupi pembezoni mwa pua au hana kabisa. Rangi isiwaongoze, kwani Ancistrus huuzwa akiwa wa kahawia, mweupe mwenye macho mekundu, na hata mwenye mapezi marefu kama shela. Mkikuta lebo yenye herufi L na namba, huo ni utaratibu ulioanzishwa mwaka 1988 na jarida la Kijerumani la DATZ ili kutambulisha samaki wa familia hii ambao bado hawakuwa na jina la kisayansi.

Kuhusu Pterygoplichthys, hukumu yangu ni kwamba hafai kwa tangi la nyumbani. Kinyesi chake ni kingi kupita uwezo wa machujio mengi, na akishakuwa mkubwa wengi hushawishika kummwaga mtoni. Hilo ni kosa zito. Samaki hawa huchimba mashimo kwenye kingo ili watagie humo, na katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, lililokuwa na uvuvi mkubwa wa sato, nyavu zilijaa pleko badala ya sato.

Ancistrus nampendekeza kwa moyo wote, ila atunzwe kama samaki mwenye mahitaji yake. Tangi la lita 100, joto la nyuzi 23 hadi 27, chujio lenye nguvu na maji yaliyoondolewa klorini humtosha. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi hayamfai. Mwekeeni kipande cha mti mgumu uliokauka vizuri, kwa maana huukwangua na kupata nyuzinyuzi. Mwani pekee haumshibishi na kinyesi cha wenzake si chakula chake, hivyo mpeni vipande vya tango au mchicha uliochemshwa kidogo jioni taa zinapozimwa, kwani hula zaidi usiku. Tumbo likibonyea kwa ndani, ana njaa. Akipanda juu kugugumia hewa mara kwa mara, pimeni hali ya maji na ongezeni mzunguko wake, kwa sababu samaki hawa huweza kupumua hewa kwa tumbo oksijeni inapopungua majini.

Msimvue kwa wavu, maana vimiba vya mashavuni hunasa kwenye nyuzi na kumjeruhi. Mwongozeni aingie ndani ya jagi. Na mkiweka dume na jike pamoja na pango dogo la udongo, dume atalinda mayai ya rangi ya chungwa mpaka yaanguliwe, kwa kawaida ndani ya siku 4 hadi 7. Jike huweza kutaga tena baada ya wiki chache tu, kwa hiyo zungumzeni na mwenye duka mapema kama atapokea vifaranga, au wekeni jinsia moja pekee. Na kama ni madume, tangi lazima liwe na pango kwa kila mmoja, kwani huligombania.