Uzoefu wangu: kuondoa vifaa vya kupunguza moshi kwenye Mazda RX-7 ya mwaka 1981, Malindi

Tathmini hii ni ya kazi niliyofanyiwa katika gereji moja hapa Malindi, kando ya barabara iendayo Mombasa. Gari langu ni Mazda RX-7 ya mwaka 1981 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, yenye injini ya 12A ya rota mbili (rota huzunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka) na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,146. Nilitaka kuondolewa vifaa vya kupunguza moshi ambavyo havikuwa na kazi tena, na nimeridhika hasa kwa sababu fundi hakuondoa kitu chochote kabla ya kukipima na kuhakikisha kwamba kweli kimekufa.

Ni vyema kueleza kwanza vifaa hivyo viliwekwa kwa nini. Chumba cha kuchomea mafuta katika injini ya rota ni kirefu na chembamba, kwa hivyo mwali haufiki kwenye kona zote na sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Mazda walianza kwa kuweka chumba cha chuma kwenye ekzosi, ambamo mabaki hayo yaliungua kwa joto, kisha wakahamia kwenye katalitiki, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi. Njia zote mbili zinahitaji hewa ya ziada, na hewa hiyo huletwa na pampu inayozungushwa kwa mkanda, ikipitia valvu inayoamua iende wapi na wakati gani. Ukiongeza mipira ya vakumu (inayopitisha mvuto wa hewa wa injini), swichi za umeme na kifaa cha kuvutia hewa ya moto kwenye kabureta wakati wa baridi, utaona injini imefunikwa kiasi kwamba huwezi kuifikia kwa spana.

Kwangu karibu vyote hivyo vilikuwa vimekwisha. Gari liliingia nchini miaka ambayo petroli yetu ilikuwa bado na madini ya risasi, ambayo Kenya iliachana nayo mwaka 2006, na risasi hujipaka juu ya katalitiki na kuiua kabisa. Beringi ya pampu ilikuwa inalia. Mipira ya vakumu, baada ya miaka mingi ya joto la injini na hewa ya chumvi, ilikuwa inavunjika mkononi kama biskuti. Kila nilipoachilia mafuta kwenye mteremko ekzosi ilipiga mlipuko, na chini ya kiti cha abiria sakafu ilipata moto hata mtu asiweze kuweka mguu bila kiatu.

Fundi ni mtu mzima wa makamo ya baba yangu, na hakuwa na haraka. Aliunganisha geji ya shinikizo kwenye bomba linalopeleka hewa katika ekzosi, akaniambia nikanyage mafuta polepole, na sindano ikapanda kwa namna iliyothibitisha kwamba katalitiki imeziba. Kisha akafunga utepe mweupe kwenye kila mpira na kuuandikia namba, na namba ileile akaiandika kwenye mchoro aliouchora kwenye karatasi ya sukari, ndipo akaanza kufungua. Bolti za ekzosi zilikuwa zimeshikwa na kutu, naye alizipaka mafuta na kuziacha zilale usiku kucha badala ya kuzilazimisha.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni namna alivyoziba pale valvu ya hewa ilipokaa. Mlango ule, yaani uwazi uliobaki, una njia zinazokwenda kwenye ekzosi na nyingine zinazokwenda upande wa kuvuta hewa, kwa hivyo ukizibwa vibaya injini huvuta hewa ya wizi, isiyopitia kabureta. Alikata bamba la alumini la milimita 6, akalisugua juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo hadi uso wake ukawa sawa kabisa. Gasketi aliikata papo hapo: aliweka karatasi ya gasketi juu ya mlango wenyewe na kuigonga taratibu pembeni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, mpaka umbo likajitoa lenyewe pamoja na matundu ya bolti. Baada ya kufunga alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka kila kiungo huku injini ikinguruma, akisikiliza kama mwendo wake utabadilika. Haukubadilika.

Alikataa pia baadhi ya niliyoyauliza, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Nilipoonyesha pampu ndogo inayopeleka oili kwenye rota alinijibu, “Mwanangu, hii si ya moshi. Hii ndiyo inayolainisha ncha za rota. Ukiing'oa, umeua injini.” Njia ya kutolea mvuke wa oili aliiacha, pamoja na kopo la makaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka tangini, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vizima. Mpira wa vakumu wa breki haukuguswa. Ile mipira inayosogeza muda wa cheche kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, aliiunganisha moja kwa moja na kabureta, akapima muda upya kwa taa.

Matokeo ni haya. Nguvu haikuongezeka kwa kiasi cha kujisifia, na matumizi ya petroli ni yaleyale ya injini ya rota, yaani makubwa. Ila gari sasa linapumua: nililiendesha hadi Mambrui nikivuka daraja la Sabaki, milipuko ile haikusikika, na sakafu ilibaki ya kawaida. Kifaa cha hewa ya moto sijakihitaji hata mara moja, maana hata asubuhi ya Julai Malindi haina baridi ya kuisumbua kabureta.

Malalamiko yangu ni mawili. Kazi ilichelewa kuliko tulivyoagana kwa sababu ya kusubiri mipira mipya kutoka Mombasa, na sikujulishwa mpaka nilipokwenda mwenyewe. Tena bomba lililowekwa mahali pa katalitiki lilichomelewa na fundi mwingine, nalo lilivuja kwenye kiungo hadi lilipochomelewa upya.

Lipo jambo zito zaidi. Moshi sasa una harufu kali ya petroli na unawasha macho, na nyumba yetu imepakana na madrasa ya watoto. Marekani sheria inakataza kuondoa vifaa hivi kwenye gari la barabarani, na sisi tuna kanuni za ubora wa hewa ambazo zinagusa moshi wa magari pia. Mwenye katalitiki nzima asiiguse. Mimi nimeanza kutafuta mpya, na fundi amenieleza kwamba kwa injini inayotoa petroli nyingi hivi haitafanya kazi ipasavyo bila hewa ya ziada. Kwa hiyo ile pampu sikuiuza: imerudi mezani kwake, imefunguliwa, inasubiri beringi.