Bampa zilizopauka za Probox yangu: miezi minane na dawa ya Solution Finish

Probox yangu ni nyeupe, ya mwaka 2009, na niliitoa bandarini Kilindini mwaka 2016. Siku hiyo bampa zake, vioo vya pembeni na vitasa vya milango vilikuwa vyeusi tititi. Ni gari la kazi: alfajiri hushuka Kongowea kuchukua vitunguu na nazi, kisha hupanda Mtwapa dukani. Mchana kutwa hulala juani, kwa sababu mbele ya duka hakuna hata mwarobaini mmoja.

Ilipofika mwaka 2022 bodi ilikuwa bado nzuri, lakini plastiki zote zilikuwa zimepauka kama goti la mtoto aliyetoka kucheza vumbini. Bampa ya mbele ilikuwa na rangi ya majivu, na pembeni mwake michirizi myeupe isiyotoka kwa maji wala sabuni. Mteja mmoja aliniuliza kama gari lilipata ajali nikafunga bampa za mtumba. Iliniuma, maana injini naihudumia kwa wakati, na gari hili ndilo lililosomesha watoto wangu.

Nieleze kwanza kinachotokea, kwani mimi mwenyewe nilipoteza pesa kwa kutokukijua. Bampa za namna hii hazijapakwa rangi. Weusi umo ndani ya plastiki yenyewe, ambayo aghalabu ni polipropilini iliyochanganywa na kaboni nyeusi. Kaboni hiyo huzuia mionzi ya jua isiingie ndani, na ndiyo sababu moja ya matangi mengi ya maji tunayoyaona juu ya paa kuwa meusi. Lakini ngozi ya juu kabisa hupigwa tu. Miaka ikipita, jua na hewa huikatakata, hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na nyufa hizo hutawanya mwanga. Jicho likaona kijivu, hali weusi uko palepale chini. Hapa Mombasa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo plastiki inayotazama juu haina pa kujificha.

Sasa utaelewa kwa nini mafuta hudanganya. Ukipaka mafuta yoyote, yanajaza zile nyufa na weusi unarudi papo hapo, sawa na ngozi kavu ikipakwa mafuta baada ya kuoga. Kijana wa kuosha magari aliniambia, "Mzee, hii dawa yake ni dizeli tu." Akapaka, bampa ikang'aa. Siku ya nne vumbi la barabara lilikuwa limeganda juu yake kama unga, na mvua ya kwanza iliteremsha michirizi myeusi kwenye bodi nyeupe. Sikumlaumu, kwani ndivyo alivyofundishwa. Baadaye nikanunua dawa ya kupuliza ya kung'arishia dashibodi. Hiyo ilikaa kama wiki mbili, ila ilikuwa na mng'ao wa utelezi nisioupenda, na vumbi liliipenda zaidi yangu.

Fundi rangi mmoja alitaka Sh 9,000 apulize bampa zote mbili rangi nyeusi. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni gari la jirani yangu, lililopulizwa hivyohivyo na baada ya miezi michache rangi ikaanza kubanduka vipande vipande, hasa pale kokoto zinapopiga. Polipropilini haishiki rangi kwa urahisi. Inataka msasa na praima yake maalumu ya plastiki, na fundi anayeruka hatua hiyo anakuachia kazi mbaya kuliko mpauko wenyewe.

Kuna pia njia ya moto, yaani mashine ya mkono inayopuliza hewa ya moto sana. Nilijaribu kwenye kona ya chini ya bampa ya nyuma, mahali pasipoonekana. Ni kweli weusi unarudi ndani ya sekunde chache mbele ya macho yako, kwa sababu ile ngozi ya juu inayeyuka kidogo na kuwa laini tena. Lakini mkono wangu ulichelewa mahali pamoja na pakabaki alama inayong'aa ambayo haijafutika hadi leo. Na miezi mitano baadaye kona ile ilianza kupauka upya, kwa kuwa haikuongezewa chochote cha kuikinga. Siipendekezi kwa mtu asiye na uzoefu.

Aliyenielekeza kwenye Solution Finish, dawa ya kurudisha weusi wa plastiki, ni mpwa wangu anayefanya kazi Sharjah. Alikuja likizo Desemba 2023, akaizunguka gari, akapitisha kidole kwenye bampa. "Mjomba, plastiki hii haijafa. Imechoka juu tu," akasema. Alikuwa na chupa moja ndogo aliyobaki nayo ya aunsi moja, kama mililita 30. Nilipomuuliza bei akaniambia kwa pesa yetu ingefika kama Sh 3,400. Nikashtuka, chupa yenyewe inatoshea kwenye kiganja! Leo naona ni bei ya haki, na nitaeleza kwa nini.

Tofauti yake na yale mafuta ni kwamba ndani yake mna wino mweusi. Haiishii kujaza nyufa, inaipaka plastiki rangi, na ikikauka huwezi kuitoa kwa kuosha gari kwa sabuni ya kawaida. Kwa hiyo kosa lako nalo litakauka palepale. Hapo ndipo ilipo kazi.

Tulianza Jumamosi ya katikati ya Januari, saa moja asubuhi, chini ya turubai uani kwangu. Kuosha kulichukua saa nne. Sikudhani kungechukua muda wote huo, lakini nashikilia kwamba ndiyo kazi yenyewe, na kupaka ni nyongeza tu. Tulitumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na burashi ngumu ya kufulia nguo, tukisugua kwa mzunguko ili nywele za burashi ziingie kwenye vinyweleo vya plastiki. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi kwa masalia ya dizeli na ile dawa ya dashibodi. Ya pili ikatoka kijivu. Ile michirizi myeupe, mpwa wangu alinionyesha, haikuwa mpauko. Ilikuwa nta ya kung'arishia bodi iliyoteleza kwenye plastiki na kukaukia ndani ya vinyweleo. Hiyo ilitoka kwa mswaki wa zamani na spiriti ya duka la dawa, kidogo kidogo, kwa subira.

Kipimo cha usafi ni maji. Nyunyizia maji kwenye plastiki uangalie. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, bado kuna mafuta au nta. Yakitandaa na kuilowesha yote sawasawa, iko tayari. Sisi tulirudia mara tatu kabla maji hayajatandaa vizuri kwenye bampa ya mbele. Kisha tukafuta yote kwa spiriti, tukaliacha gari usiku kucha likauke, kwa sababu maji hujificha kwenye maungio ya bampa na fenda na yanaweza kukutokea katikati ya kazi.

Jumapili asubuhi, plastiki ikiwa baridi, tukabandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kila mahali plastiki inapokutana na bodi nyeupe. Usiruke hatua hii kama gari lako ni la rangi nyepesi. Vaa glavu pia. Mimi nilivua moja kujibu simu, na wino ulikaa kwenye kucha zangu kama hina mbaya kwa siku tano.

Tikisa chupa sana, kwani wino hulala chini. Weka tone kama punje ya kunde kwenye sifongo ndogo, sugua eneo la ukubwa wa kiganja, kisha chukua kitambaa safi cha maikrofaiba upanguse ziada mara moja. Ukiacha ziada ikauke utapata madoa yenye kung'aa huku na kule. Mkono wangu wa kwanza nilipaka nyingi mno, nikafikiri weusi zaidi ni bora. Mpwa wangu akanizuia, akarudia pale kwa spiriti. Baada ya hapo nilijifunza kwamba kinachobaki kwenye plastiki ni kile kidogo sana kilichoingia, na kinachoonekana juu kinafaa kuondoka. Bampa mbili, vioo, vitasa, shoo ya mbele (grili) na ile plastiki ya chini ya kioo penye mikono ya waipa vilichukua saa moja na nusu. Chupa ilibaki na theluthi moja.

Matokeo yalinifurahisha kweli. Siyo weusi wa kung'aa kama viatu vya mwanajeshi. Ni weusi mtulivu, wenye vinyweleo vyake vikionekana, kama siku gari lilipotoka bandarini. Nilipitisha kiganja saa nzima baadaye, kikatoka safi. Mke wangu aliniuliza nimenunua bampa lini.

Kitu ambacho dawa hii haifanyi ni kuziba majeraha. Mahali ambapo makreti ya vitunguu yamekwaruza juu ya bampa ya nyuma, mikwaruzo ipo vilevile, sasa ni mistari myeusi badala ya myeupe. Ukitaka iondoke, unahitaji bampa nyingine. Na kama plastiki yako imeshaanza kupasuka au kutoa unga hata ukiigusa kwa kidole kikavu, sidhani chupa yoyote itaiokoa.

Watu huniuliza kuhusu zile dawa za kauri, kama vitambaa vya Cerakote au C4 ya Gtechniq. Ni kundi jingine: huacha utando unaokauka na kuwa mgumu juu ya plastiki, na husifiwa kwa kudumu. Kwa gari ambalo ndiyo kwanza linaanza kufifia, ningeanza huko. Kwa plastiki iliyofika kijivu cha majivu kama yangu, nilihitaji wino.

Naandika haya Septemba 2024. Gari limepita joto la kaskazi na mvua za masika, na huoshwa kila wiki kwa sabuni ya kawaida. Nimewakataza vijana kabisa wasiguse plastiki kwa dizeli, na nikipaka nta kwenye bodi nafunika kingo kwa tepu. Pande za bampa, vioo na vitasa havijabadilika kwa jicho langu. Sehemu zinazotazama mbingu, yaani mgongo wa bampa ya mbele na plastiki ya waipa, zilianza kufifia kidogo mwezi wa saba. Sikulihesabu hilo kuwa kasoro ya dawa, kwani jua la saa sita linapiga hapo karibu wima kila siku na duka langu bado halina kivuli.

Jumamosi iliyopita nilizirudia sehemu hizo mbili peke yangu. Kwa kuwa safari hii hapakuwa na dizeli wala nta ya kung'oa, sabuni, spiriti na kupaka havikuzidi dakika arobaini. Tone la mwisho lililobaki kwenye chupa nilimalizia kitasa cha buti.